Chango la Mtoto Mchanga

Chango la mtoto mchanga ni kilio kirefu na kikali kinachompata mtoto mwenye afya njema katika miezi yake ya mwanzo, bila sababu inayoonekana na bila bembelezo lolote kufua dafu. Huanza mtoto akiwa na wiki 2 au 3, hupamba moto karibu na wiki ya 6, kisha hupungua kidogo kidogo hadi kutoweka kati ya mwezi wa 3 na wa 4. Wengine hukiita kilio hiki msokoto wa tumbo. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 5. Hakichagui wa kike wala wa kiume, anayenyonya titi wala anayepewa maziwa ya kopo. Kwa mtoto njiti, wiki hizo huhesabiwa tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa, si tangu siku aliyozaliwa, ndiyo maana kilio chake huchelewa na kuwashtua wazazi waliodhani kimewapita.

Sura yake haifichiki. Mchana mtoto ananyonya vizuri, analala, anatazama uso wa mama yake. Jua likianza kutua, kuanzia saa kumi na moja au saa kumi na mbili, mambo hubadilika. Kilio huja ghafla, uso humwiva, ngumi hukazana, miguu hukunjwa hadi tumboni au mgongo hupindwa kwa nyuma. Tumbo huwa gumu na hewa hutoka. Akipewa titi hulishika, akaliacha, akalia tena. Hali hiyo yaweza kwenda hadi saa tano za usiku, kisha mtoto hunyamaza kama alivyoanza, akalala. Kesho yake asubuhi hana homa, hana kuhara, uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda. Daktari akimpima haoni kitu.

Mwaka 1954 daktari wa watoto Morris Wessel na wenzake, huko New Haven, Marekani, walijaribu kukiwekea kilio hicho mipaka. Walisema mtoto mwenye chango ni yule aliyelishwa vizuri na mwenye afya, lakini anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Kanuni hiyo ya tatu tatu ilikaa vichwani mwa madaktari kwa zaidi ya nusu karne. Ubora wake ni kwamba inakumbukika. Ubovu wake ni kwamba hakuna mzazi anayekaa na saa mkononi usiku wa manane, na mtoto anayelia saa 2 na dakika 50 hana tofauti na anayelia saa 3 na dakika 10. Ndiyo sababu mwaka 2016 wataalamu wa magonjwa ya tumbo, katika vigezo vinavyojulikana kama Roma IV, waliacha kuwataka madaktari wahesabu saa. Kwao inatosha kwamba kilio kinaanza na kuisha kabla mtoto hajatimiza miezi 5, kinajirudia na kurefuka bila sababu wazi, wazazi hawawezi kukizuia wala kukituliza, na mtoto anakua vizuri, hana homa wala dalili ya ugonjwa.

Kazi iliyofumbua mambo zaidi ilikuwa ya daktari mwingine wa Marekani, T. Berry Brazelton, iliyochapishwa mwaka 1962. Yeye hakuwafuata watoto wagonjwa. Aliwaomba kina mama wa watoto 80 wa kawaida waandike kila siku mtoto analia muda gani. Katika wiki ya 2 watoto hao walilia karibu saa 1 na dakika 45 kwa siku. Katika wiki ya 6 wakafika saa 2 na dakika 45. Kufikia wiki ya 12 ikawa chini ya saa 1. Na kilio kingi kiliangukia jioni. Maana yake ni kubwa. Watoto wote hupanda mlima mmoja na kushuka upande wa pili, na yule anayeitwa mwenye chango ni aliyefika juu zaidi ya wenzake. Hakuna mstari unaotenganisha mtoto mzima na mtoto mgonjwa hapo.

Kuna waliodhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu, wanaowalaza watoto vitanda vya peke yao na kuwanyonyesha kwa ratiba. Jibu lilipatikana kwa Wasan, jamii ya !Kung ya jangwa la Kalahari, ambao mtoto wao alibebwa karibu siku nzima, alinyonya mara kadhaa ndani ya saa moja, na akilia aliitikiwa papo hapo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1991 na Ronald Barr pamoja na Melvin Konner na wenzao ulionyesha kwamba hata watoto hao kilio chao hupanda katika wiki za mwanzo na kushuka baadaye. Walianza kulia mara nyingi kama watoto wa nchi za Magharibi. Tofauti ilikuwa kwenye urefu: kilio chao kilichukua kama nusu ya muda. Kubeba, basi, hakuondoi kilio. Kunakifupisha.

Barr huyo huyo na Urs Hunziker walikuwa wamelijaribu jambo hilo Montreal, Kanada, mwaka 1986. Kina mama waliombwa wambebe mtoto kwa saa zaidi kila siku kuanzia wiki ya 3, bila kungoja alie. Kufikia wiki ya 6 watoto hao walilia kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao, na jioni kwa asilimia 51 pungufu. Lakini jaribio la baadaye, la kuwabeba zaidi watoto ambao chango lilikuwa limeshawashika, halikuleta nafuu ya kutajika. Kwa hiyo mbeleko hufanya kazi vizuri zaidi ikitangulia. Mama wa Tanga au Kakamega anayemfunga mtoto kwa kanga huku akiendelea na shughuli zake hahitaji kufundishwa hilo na mtu wa Montreal. Pengine anayehitaji kukumbushwa ni mama wa mjini aliyenunua kigari cha mtoto na kuiweka kanga kabatini.

Chanzo chenyewe bado kinabishaniwa. Anayeshukiwa kwanza siku zote ni hewa tumboni, kwa kuwa tumbo huwa gumu na mtoto hujamba. Lakini mtoto anayelia kwa nguvu humeza hewa, na hewa hiyo lazima itokee mahali. Mara nyingi hewa ni matokeo ya kilio, si chanzo chake. Kukunja miguu na kukaza tumbo nako hufanywa na mtoto anayelia kwa sababu yoyote ile, hata akichomwa sindano mkononi. Wengine huangalia bakteria wa utumbo, kwa maana watoto wenye chango wameonekana kuwa na mchanganyiko wa vijidudu tofauti na wenzao. Watafiti wa Ufini, Italia na Uholanzi wameandika sana juu ya hilo. Wengine huangalia ubongo na mishipa ya fahamu: mtoto wa wiki 6 anapokea mwanga, sauti, sura na harufu siku nzima, na bado hajakomaa kujituliza mwenyewe, hivyo jioni hufurika. Imeonekana pia kwamba mama mwenye kipandauso ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mtoto mwenye chango, na kwamba watoto waliokuwa na chango hupata kipandauso zaidi baadaye. Moshi wa sigara nao umo: mama akivuta wakati wa mimba au baada ya kujifungua, chango huwa jingi zaidi.

Kundi moja dogo lina chanzo kinachoshikika, nalo ni watoto wasiopatana na protini ya maziwa ya ng'ombe. Madaktari wa Sweden, Irene Jakobsson na Tor Lindberg, walieleza mwaka 1978 kwamba baadhi ya watoto wanaonyonya walitulia mama alipoacha kunywa maziwa ya ng'ombe, na wakalia tena alipoyarudia. Protini hiyo hupita kwenye maziwa ya mama. Mara nyingi mtoto wa namna hii huwa na zaidi ya kilio: damu au makamasi kwenye choo, ukurutu wa ngozi, kutapika sana, au wazazi wenye pumu na mzio. Kwa mtoto huyo mama anaweza kujaribu kuacha maziwa ya ng'ombe kwa wiki 2 akishauriana na mhudumu wa afya, na pasipo mabadiliko ayarudie. Lakini kumkataza mama maharage, kabichi na dagaa ni kumwonea. Gesi ya maharage inabaki kwenye utumbo wa mama. Haina njia ya kuingia kwenye maziwa. Mama anayenyonyesha akiwa na njaa ni hasara kwa wawili.

Pale ambapo sayansi haijatoa jibu moja, watu hutoa yao. Mtoto amepigwa jicho. Amebemendwa. Maziwa ya mama ni mepesi, au yamechacha. Mvuje unafungwa kwenye kitambaa na kuvalishwa mtoto, hirizi inashonwa, dawa ya mizizi inachemshwa. Kati ya hayo, kinachofungwa mkononi hakina madhara makubwa isipokuwa kikifungwa shingoni, ambako chaweza kumnyonga usingizini. Kinachomezwa ndicho cha kuogopa. Mvuje wenyewe ukinywewa na mtoto mchanga umewahi kuharibu uwezo wa damu yake kubeba oksijeni. Asali, hata iliyo safi na ya asili, haifai kwa mtoto wa chini ya mwaka 1 kwa kuwa yaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaoleta sumu ya kupooza. Dawa za miti zisizo na kipimo humezwa na mtoto wa kilo 4, na ini na figo zake bado changa.

Dhara kubwa zaidi katika Afrika Mashariki, hata hivyo, huingia kwa mlango wa huruma. Mtoto analia, bibi anasema hashibi, na uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe huanza kabla ya mwezi wa 2. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, na kilio cha chango ni moja ya sababu za kawaida zinazoivunja kanuni hiyo. Uji huleta vijidudu vya maji na vyombo, hujaza tumbo dogo, mtoto hunyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza maziwa. Hapo ule uvumi kwamba mama hana maziwa hugeuka kweli. Kipimo cha kushiba hakiko kwenye kilio. Kiko kwenye nepi: mtoto anayelowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, na kuongezeka gramu 150 hadi 200 kwa wiki, anashiba, hata kama jioni analia kana kwamba hajaonja kitu tangu asubuhi.

Dawa za dukani nazo zina historia ndefu, na si yote ya kujivunia. Katika karne ya 19 watoto wa Marekani na Uingereza walinyamazishwa kwa sharubati zenye afyuni. Iliyovuma kuliko zote Marekani, Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ilikuwa na mofini. Watoto walinyamaza, na baadhi yao hawakuamka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1906 ililazimisha watengenezaji waandike kilichomo, na biashara hiyo ikaanza kufifia. Mwaka 1851 William Woodward, mfamasia wa Nottingham, Uingereza, alianza kuuza mchanganyiko wake wa mafuta ya bizari ya kizungu, magadi, sukari na pombe. Huo ndio Woodward's Gripe Water, ambao umefika kwenye maduka ya dawa ya Mombasa, Kampala na Dar es Salaam na umelea vizazi vya watoto. Pombe yake ilikuwa asilimia 3.6, karibu na bia, na Uingereza haikuiondoa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chupa za leo hazina pombe. Kinachobaki ni maji matamu yenye harufu ya bizari, na utamu ni kweli humtuliza mtoto kwa dakika chache. Ushahidi kwamba yanaponya chango haupo.

Matone ya kuvunja mapovu ya hewa, yenye simethikoni, yamepimwa dhidi ya matone bandia na hayakuyashinda. Kuna dawa ya kulegeza misuli ya utumbo, daisaiklomini, ambayo ilionekana kusaidia, lakini watoto kadhaa walipata shida ya kupumua, degedege na kupoteza fahamu. Haipewi tena watoto wa chini ya miezi 6, na mwenye duka anayeitoa kwa mtoto mchanga anahatarisha maisha. Tumaini la karibuni ni matone ya bakteria rafiki, hasa Lactobacillus reuteri. Jaribio la Turin, Italia, mwaka 2007 liliwapa matone hayo watoto wanaonyonya na kilio kikapungua sana. Jaribio la Melbourne, Australia, mwaka 2014 lilichanganya wanaonyonya na wanaopewa kopo, likatoka mikono mitupu. Takwimu za majaribio kadhaa zilipounganishwa mwaka 2018, faida ilionekana kwa wanaonyonya tu. Matone hayo yana bei, na familia isiyoyamudu haijapoteza kitu kikubwa.

Lipo jambo linaloeleza kwa nini kila ukoo una dawa yake ya chango na kila dawa ina mashahidi. Watu hutafuta dawa kilio kinapowazidi, yaani karibu na wiki ya 6. Na baada ya wiki ya 6 kilio hupungua chenyewe. Chochote kilichotolewa siku hiyo, kiwe jani, tone, maombi au kubadilisha aina ya maziwa ya kopo, hupokea sifa ambayo ni ya kalenda. Bibi anayeapa kwamba dawa yake iliwaponya wajukuu 7 hasemi uongo. Wajukuu 7 kweli walipona.

Kutuliza, basi, ni kazi ya kumsaidia mtoto avuke jioni moja baada ya nyingine. Kwanza huangaliwa yaliyo wazi: njaa, nepi, joto la chumba, nguo nyingi kupita kiasi, kwa maana katika mwambao mtoto hufunikwa blanketi na kofia ya sufi wakati baba mtu anajipepea. Baada ya kunyonya mtoto huwekwa wima begani na kupigwapigwa mgongo acheue. Anayetumia chupa hulishwa akiwa ameinuliwa, chuchu ya chupa ikiwa imejaa maziwa na si hewa. Kubadilisha kopo kila wiki hakusaidii.

Kisha hubebwa na kutembezwa. Hilo limechunguzwa kwa makini Japani, katika taasisi ya RIKEN, na matokeo ya mwaka 2022 ni ya vitendo kabisa. Mtoto anayelia akibebwa na kutembezwa kwa dakika 5 mfululizo, bila kusimama wala kugeuka ghafla, mapigo ya moyo hushuka na wengi hutulia au kusinzia. Kumbeba huku mbebaji amekaa hakufanyi hivyo. Akishalala, mbebaji hukaa naye dakika 5 hadi 8 kabla ya kumlaza. Kosa la wengi ni kumlaza papo hapo: mwili wake unapoachana na kifua cha mbebaji moyo huanza kupiga mbio na macho hufunguka.

Sauti isiyobadilika husaidia baadhi yao: feni, mvua kwenye mabati, mtu anayesema "shhh" karibu na sikio kwa muda mrefu. Maji ya uvuguvugu husaidia wengine. Kukandwa tumbo taratibu kwa kiganja chenye mafuta, kuzungushwa kuelekea inakozunguka mishale ya saa, hakuna ubaya ikiwa mtoto anafurahia; kukandwa kwa nguvu hadi apige yowe kuna ubaya. Kufungwa kwa kanga nyepesi huwatuliza wengi, mradi miguu iachiwe nafasi ya kukunjika na kutanuka, kwani miguu iliyonyooshwa na kubanwa huumiza nyonga. Mtoto aliyefungwa, kama mwingine yeyote, hulazwa chali. Kumlaza kifudifudi juu ya mkono wa mbebaji kunaruhusiwa akiwa macho tu. Na wakati mwingine dawa ni kuzima televisheni, kupunguza taa na kuwaomba wageni warudi kesho. Mtoto aliyepitishwa kwenye mikono 12 tangu alasiri ana haki ya kulia.

Si kila kilio ni chango, na hapo hakuna nafasi ya kungoja. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi hupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku: yaweza kuwa malaria, maambukizi ya damu, ya mkojo au ya utando wa ubongo. Vivyo hivyo mtoto anayekataa kunyonya, aliyelegea au mgumu kuamshwa, aliyevimba utosi, anayetapika matapishi ya kijani, mwenye damu kwenye choo, mwenye tumbo lililovimba na kubaki gumu hata akinyamaza, au asiyeongezeka uzito. Uvimbe kwenye kinena au kwenye korodani waweza kuwa ngiri iliyonasa, ambayo huhitaji upasuaji wa haraka. Mtoto anayelia ghafla bila kukoma huvuliwa nguo zote: wakati mwingine unywele wa mama umejizungusha kwenye kidole cha mguu na kukikata damu, na hakuna aliyetazama ndani ya soksi. Kilio kinachoanza baada ya mwezi wa 4 hakiitwi chango hata kidogo. Mlezi akihisi kwamba kilio cha leo si cha jana, sauti imekuwa nyembamba na kali au dhaifu, hisia hiyo inatosha kuwa sababu ya kwenda.

Mgonjwa halisi wa chango, mara nyingi, ni mlezi. Usiku kadhaa bila usingizi, kilio kisichoisha, majirani wanaogonga ukuta, mama mkwe anayeuliza mtoto amekula nini. Mama mwenye mtoto wa chango yuko karibu zaidi na sonona ya uzazi. Na kilio ndicho kichocheo kikubwa cha tendo la hatari kuliko yote, la kumtikisa mtoto. Shingo yake haijakaza na kichwa chake ni kizito. Akitikiswa kwa sekunde chache tu mishipa midogo ya damu hukatika juu ya ubongo na ndani ya macho. Matokeo ni upofu, ulemavu wa akili au kifo. Watoto hutikiswa zaidi katika miezi ile ile ambayo kilio kiko juu, na wanaotikisa huwa watu wa kawaida, kina baba, kina mama, wasichana wa kazi, waliofika mwisho wa subira. Mlezi anayejisikia kufika hapo humlaza mtoto chali mahali salama, hufunga mlango, hutoka nje dakika 10, huvuta pumzi, kisha hurudi kumtazama. Hakuna mtoto aliyedhurika kwa kulia dakika 10 peke yake.

Kalenda ya msaada nayo imekaa vibaya. Katika mwambao na sehemu nyingi za bara, mzazi hutunzwa hadi arobaini. Hupikiwa, huoshewa, mtoto hubebwa na mama wa mzazi huyo au somo wake. Siku ya 40 hufanyika sherehe, wageni hula, na wasaidizi hufunga mizigo. Kilele cha kilio ni wiki ya 6, yaani siku ya 42. Mama huachwa peke yake siku 2 kabla ya jioni ngumu kuliko zote. Baba aliyeajiriwa Tanzania ana haki ya likizo ya uzazi ya siku 3 tu, na Kenya ya wiki 2. Zote zimekwisha kitambo. Wiki hiyo hiyo ya 6 mtoto huenda kliniki kwa chanjo, na akilia usiku sindano hubeba lawama. Chanjo yaweza kumletea maumivu ya siku 1 au 2. Kilio kilichoanza kabla yake na kinachoendelea wiki 3 baada yake kina asili nyingine.

Ziara hiyo ya wiki ya 6 ndiyo nafasi nzuri ya muuguzi kumuuliza mama analala saa ngapi, nani anamsaidia jioni, na kumweleza kwamba kilio kimefika juu na sasa kitashuka. Na ndugu wanaotaka kusaidia, wagawe siku zao: wachache waje mwanzoni, wengine waje baada ya arobaini, kati ya saa kumi na moja jioni na saa tano usiku, wambebe mtoto na kumwacha mama alale.